Shingo Yangu, Kiuno Changu na Ngazi Sabini na Mbili

Jumatatu, tarehe 3

Kosa la wengi wanaotaka kupunguza tumbo ni kuanza kabla ya kupima. Wanaamka, wanaruka kamba, wanasusa chakula, na wiki ya pili wamerudi walikotoka. Mimi nimepima viwanja vya watu miaka thelathini na nne. Sijawahi kuruhusu msingi uchimbwe kabla mpaka haujajulikana.

Nina sababu. Binti yangu anakaa ghorofa ya nne, na jengo halina lifti. Ngazi sabini na mbili, kila moja sentimita kumi na saba. Nilizipima mwenyewe kwenye michoro. Mwezi uliopita niliishia ya thelathini na moja. Jirani akanitolea kigoda. Mjukuu wangu ana miezi mitano, na nimempakata mara moja tu, siku aliyozaliwa.

Asubuhi hulelewa na babu yake wa upande wa pili, mkwe wangu, aliyestaafu kusambaza barua. Tunamwita Posta. Mwembamba kama bahasha. Tarehe 17 anarudi kwake, na binti ameniomba nishike zamu yake, ama sivyo mtoto atalelewa na mtu baki. Nimeahidi. Siku kumi na nne. Zinatosha kwa mtu mwenye utaratibu.

Utaratibu wenyewe: kwanza, kujua mafuta ni sehemu gani ya mwili. Pili, kujua kalori za kubaki ulivyo, yaani chakula ambacho ukikila mizani haipandi wala haishuki. Tatu, ndipo mtu apunguze mafuta na kujenga misuli kwa pamoja. Ya tatu haiguswi kabla mbili za kwanza hazijafungwa.

Jumanne, tarehe 4

Kanuni ya kukadiria mafuta inataka urefu, kiuno na shingo. Kiuno kikubwa, mafuta mengi. Shingo kubwa, mafuta machache. Nikatumia futi yangu ya chuma ya kazini. Ikanichana shingo. Nikaazima futi ya kitambaa ya mke wangu, ambaye ni fundi cherehani. Urefu 168. Kiuno 101. Shingo 40. Asilimia ishirini na nane.

Nilisikitika. Nikapima shingo upya, safari hii juu ya ukosi wa shati. 44. Asilimia ishirini na tano. Tatu nzima zimeondoka kabla ya chai, bila jasho! Posta na shingo yake ya kuku, kanuni hii ingemwaibisha.

Alhamisi, tarehe 6

Siku nzito.

Mke wangu alikuwa akitafuta futi yake. Akaikuta kiunoni kwangu. Akaishika, akanizungushia mwenyewe, kisha akauliza kwa upole kama nimesikia kwamba mjukuu ameota jino. Nikauliza, la juu au la chini? Akasoma: 109.

Akanieleza kwamba kila mteja huvuta tumbo ndani. Dawa ni moja: muulize habari za mtu anayempenda, atapumua.

Nikaleta ushahidi wa suruali. Ile ya kijivu alinishonea nilipostaafu, miaka minne sasa, na bado naifunga. Akaitoa kabatini, akaigeuza ndani nje. Mshono wa nyuma umefunguliwa na kushonwa tena mara tatu.

“Wewe ulikuwa unakwenda, Baba,” akasema. “Mimi nikawa nakufuata na uzi.”

Asilimia thelathini na tatu. Katika kilo zangu tisini na moja, thelathini ni mafuta. Nilikaa kitandani na ile suruali mapajani kwa muda mrefu.

Jumapili, tarehe 9

Posta alipita kunisalimu. Akaliona daftari langu la kalori, akalifunua kwa ncha ya kidole. Akasema mtoto sasa anacheka akisikia hatua mlangoni. Hatua za nani, hakutaja. Haikuwa lazima.

“Mkwe,” akaniambia, “ngazi hazikokotolewi, zinapandwa. Leo thelathini na mbili, kesho thelathini na tatu.”

Akadai mwaka aliopasuliwa moyo alianza na tatu. Nikamuuliza mafuta yake yalikuwa asilimia ngapi wakati huo. Hajui! Nikammiminia chai na kumhurumia.

Jumatano, tarehe 12

Daftari la siku nane: wastani wa kalori elfu moja na mia nne kwa siku. Mizani: kilo tisini na moja, haijatikisika. Jedwali linasema mtu wa umri na uzito wangu anahitaji kama elfu mbili na mia moja. Hitimisho: mwili wangu una kipaji.

Nikamweleza mke wangu. Akasema jana alipika maharage ya watu wanne, tukala wawili, na asubuhi sufuria ilikuwa nyeupe. Nikafafanua kwamba kule ni kuonja. Kuonja si kula. Akauliza na karanga za kopo? Kuonja. Na kile kipande cha mwisho cha mkate? Kipande cha mwisho si mkate.

Hata hivyo, kwa ajili ya amani, leo nimeandika kila nilichoonja. Elfu mbili, mia moja na thelathini.

Maana yake siku nane zote ni batili. Mpimaji akigundua kosa haendelei, anarudi kwenye nguzo ya kwanza. Nimeanza upya siku kumi na nne. Zitaisha tarehe 25.

Jumamosi, tarehe 15

Binti alipiga simu. Akauliza kama Jumatatu nakuja. Nikamweleza kwamba hesabu bado haijafunga. Nilimsikia mtoto nyuma yake, akibishana na kijiko.

“Sawa, Baba,” akasema.

Nimepima mambo mengi maishani. Hiyo “sawa” sina kifaa chake.

Jumatatu, tarehe 17

Mke wangu ameamua: zamu ataishika yeye, na cherehani inahamia kwa binti. Wateja wake watamfuata huko huko. Posta, kabla ya safari, alibeba kichwa cha cherehani, mume wa binti akabeba meza yake. Mimi nilifuata kusimamia, maana hawajui kubeba. Nikawaelekeza kila kona: inua huku, zungusha kule, angalia ukuta. Kisha nikasikia kicheko cha mtoto juu ya kichwa changu. Nikahesabu. Nilikuwa ngazi ya arobaini na sita.

Mke wangu aliinama juu ya ukingo wa ngazi, mjukuu mkononi. Jino liko chini, kushoto.

“Zimebaki ishirini na sita, Baba. Njoo.”

Nikamjibu kwa utulivu kwamba kupanda ni hatua ya tatu, na ya pili inafungwa tarehe 25. Nikashuka.

Cherehani imefika ghorofa ya nne kabla yangu. Nyumbani kwangu kimya. Nilitaka kupima shingo, kwani kupanda kwa leo huenda kumeinenepesha. Futi ya kitambaa haipo; imekwenda na fundi.

La kufanya leo: kusimama chini ya dirisha lao na kuomba futi irushwe.