Maharage Arobaini na Wahadhiri Wawili

Jumatatu, 3 Machi
Programu yetu hapa chuoni inachanganya biolojia na takwimu. Mama ameutangazia mtaa mzima kuwa mwanawe anasomea sayansi mbili kwa mpigo, kwa hiyo kufukuzwa ni aibu nisiyoiweza. Kazi ya muhula: miche arobaini ya maharage kwenye vikombe, nusu inyweshwe kila siku, nusu mara moja moja, na yote ipimwe urefu kila asubuhi kwa wiki mbili. Arobaini! Lakini nimegundua jambo. Mhadhiri wa biolojia, tunayemwita Mama Mimea, hana hamu na namba. Mhadhiri wa takwimu, Bwana Wastani, hajawahi kukanyaga banda la mimea. Basi nitapima sita tu. Iliyobaki nitaikadiria.

Jumanne, 4 Machi
Hata hiyo sita inachosha. Miwani, jirani yangu wa bandani, anapima yake yote akiwa amepiga magoti. Kaniuliza mbona daftari langu limejaa na rula yangu bado imo kwenye karatasi ya dukani. Nikamjibu kuwa mimi nina jicho. Akasema haya, kila la heri na hilo jicho.

Alhamisi, 6 Machi
Bwana Wastani kaonyesha grafu yangu mbele ya darasa. Mstari umenyooka, unapendeza. Wa Miwani unapanda na kushuka hovyo. Nikamwambia asikate tamaa. Hakunishukuru. Mchana nimelala kwa raha zangu.

Jumatatu, 10 Machi
Kuja chuoni kila siku kubuni namba ni kupoteza muda. Leo nimezibuni zote kwa pamoja, mpaka za Ijumaa, na wahadhiri wote wawili nimewapelekea nakala. Bandani sijatia mguu tangu Jumanne. Likizo fupi haimdhuru mtafiti.

Jumatano, 12 Machi
Nimeitwa. Nawakuta wamekaa meza moja! Kumbe kila Jumatano hula pamoja chakula cha mchana huku wakilinganisha daftari zetu, eti ndiyo maana yenyewe ya kuchanganya masomo. Hakuna aliyeniambia. Mama Mimea akaeleza kwa upole kuwa maharage yangu yalinyauka kwa kiu, akayang'oa Jumamosi na kuyakausha kwenye oveni ya maabara. Kwa mujibu wa daftari langu, tangu siku hiyo yamerefuka sentimita tatu. Bwana Wastani akataka kujua kama yalikua humo humo ovenini, na vipimo vya Ijumaa nimevipata wapi na leo ni Jumatano. Nikasema joto huchochea ukuaji. Mama Mimea akashikwa na kikohozi kirefu. Watanipa uamuzi keshokutwa. Nina hofu, nakiri. Nikifukuzwa nitamwambia nini Mama?

Ijumaa, 14 Machi
Nimebaki! Ila naanza upya, kuanzia mbegu, na kila kipimo lazima Miwani akitilie sahihi. Mama alipopiga simu nikamwambia utafiti wangu umeongezewa muda. Alifurahi mno, akasema niwasalimie wahadhiri.

Jumatatu, 24 Machi
Yamechipua. Yote arobaini! Nimeyanywesha, nimeyapima, Miwani katia sahihi bila kejeli, labda moja tu. Sikujua kuwa jani la kwanza likifunguka mtu anaona raha namna ile. Nilisimama bandani nikitabasamu peke yangu. Nimekuwa mtu mpya.

Tukiwa tunanawa mikono, Miwani akanidokezea kuwa mwakani mtu anaruhusiwa kuongeza jiografia, yaani sayansi ya tatu na mhadhiri wa tatu. Nikapiga hesabu haraka. Wahadhiri watatu, ratiba tatu. Hao hawatapata hata siku moja ya kula pamoja.

Nimekwenda kuchukua fomu moja kwa moja. Ina sehemu ya matokeo yanayotarajiwa ya utafiti wa mwakani. Nimeyajaza yote, hadi milimita.