Chumba Chenye Dirisha

Alhamisi, 6 Juni

Tumefika bandarini saa mbili asubuhi. Meli haipo. Ubao unasema imechelewa, hausemi mpaka lini. Mama kakaa kwenye kiti cha chuma, mkoba mapajani. Matone yake ya macho nimeshamwekea. Ni presha ya macho. Daktari alitwambia wazi kwamba kufika mwisho wa mwaka atakuwa anatofautisha giza na mwanga tu, basi.

Nilimuuliza anataka nini kabla ya hapo. Akasema anataka kuiona bahari ya katikati, ile isiyo na nchi kavu upande wowote. "Na wewe usimame mbele yake, nikuone vizuri." Mama yangu haombi vitu. Nilikwenda kujifungia chooni nikalia.

Sasa siri, na isitoke humu. Chumba nilichokatia tiketi ni cha ndani. Kuta nne na picha ya samaki. Mama nimemwambia kina dirisha kubwa, maana bahari ataionea dirishani tu: juu sitahani hawezi kukaa, upepo na jua amekatazwa. Sikumdanganya! Nimemtangulizia habari tu. Dirisha nitalipata hapa hapa, maana kampuni iliyochelewa haina ubavu wa kumkatalia mtu.

Nimechukua karatasi tatu za namba za huduma kwa wateja, kwa usalama. 41, 42 na 43. Zikaitwa kwa mpigo, kaunta tatu tofauti. Nikakimbilia huku, nikakimbilia kule, zote zikanipita. Nimeanza upya na 88.

Ijumaa, 7 Juni

Injini, wanasema. Tumelala kwenye nyumba ya wageni ya kampuni, asubuhi tumerudishwa ukumbini.

Leo nimetumia akili. Nimemwambia binti wa kaunta ya pili kwamba mama hawezi kabisa ngazi, anahitaji chumba kizuri zaidi. Binti akasikitika, akaandika, akapiga simu. Habari njema, akasema. Tumehamishwa karibu na zahanati ya meli, chini kabisa, jirani na injini. Dirisha hakuna. Hata picha ya samaki hakuna.

Halafu wakaleta kiti cha magurudumu. Mama akauliza cha nani. Akaambiwa chako. Akaniangalia kwa muda mrefu, akanyanyuka, akautembea ukumbi mzima kwenda na kurudi, mgongo umenyooka. Mzee wa Faili akampigia makofi. Huyu ni mstaafu anayesafiri na mkewe na faili la kila stakabadhi tangu azaliwe. Chumba chenye dirisha anacho, eti alikata tiketi mapema. Simpendi.

Jumamosi, 8 Juni

Meli bado. Watu wanapiga kelele kaunta. Nimejiunga nao, sauti imekauka.

Mama kahamia kiti cha jirani na kaunta ya pili. Anammiminia yule binti chai kutoka kwenye chupa yake, maana binti hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, ametukanwa tu. Nimemnong'oneza mama asizoeane na adui. Akasema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Nikamwambia nyoka wa hapa hatoki bila fomu.

Fomu! Ndipo akili iliponijia. Nikaenda kaunta ya kwanza, nikaomba fomu kali kuliko zote. Wakanipa ya kufuta safari. Nikajaza: nisipopewa chumba chenye dirisha, mimi sisafiri. Nimejaza jina langu peke yangu, nafasi ya mama isiguswe. Mimi si mjinga. Karani akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Nikamwambia andika.

Sasa watatetemeka. Mzee wa Faili aliniona nikitia sahihi, akatikisa kichwa. Wivu.

Jumapili, 9 Juni

Sijui nianzie wapi.

Meli imekuja saa nne. Binti wa kaunta ya pili akatukimbilia, uso umemng'aa. Kuna wenzi wamechoka kusubiri, wamerudi kwao. Chumba chao kina dirisha la ukuta mzima na amempa mama. Mama hakuomba. Walikuwa wanazungumza tu, mama akamwambia kinachompeleka baharini.

Akasoma orodha. Jina la mama lipo. Langu halipo. Fomu yangu ilipelekwa makao makuu jana ile ile, ikakubaliwa kwa shukrani. Nafasi yangu kapewa nesi aliyekuwa akisubiri, atalala chumba kimoja na mama. Nesi! Matone atamwekea vizuri kuliko mimi. Nilibisha, nilibembeleza, nikapiga magoti mbele ya kaunta. Binti alilia kabisa. Chumba chetu cha chini nacho kilishapewa wengine, meli ilikuwa imejaa.

Mama akataka kubaki na mimi. Nikamkatalia. Hilo moja nililifanya sawa. Nikamwambia pia kuhusu kile chumba cha ndani. Akasema alijua tangu Alhamisi, tiketi aliisoma kwa kioo chake cha kukuzia. Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe.

Akanishika uso kwa mikono miwili, akauangalia. Akapanda. Meli ilipoondoka alisimama kwenye kioo akapunga mkono, lakini uso aliuelekeza upande wa maghala. Hakuniona niko wapi. Nilipunga hata hivyo, mpaka meli ikawa ndogo.

Jumatatu, 10 Juni

Mama kapiga simu adhuhuri. "Bahari nimeiona, baba. Ni kubwa. Pale mbele yake nafasi yako iko wazi, nimekuwekea."

 Nikaapa moyoni kwamba nimekoma. Ujanja mwingi mbele giza, na mimi giza nimeliona.

Alasiri binti kaniita. Kanitafutia njia, jamani, bila hata kumwomba. Meli itatia nanga bandari ya pili Jumatano, na kesho asubuhi kuna basi la wafanyakazi linakwenda huko. Kanipatia kiti kimoja na ruhusa ya kupanda meli. Siku mbili za mwisho za safari nitakuwa na mama. Nilimshukuru mpaka akaona haya.

Kisha nikaitazama karatasi ya kiti. Ni cha nyuma kabisa, juu ya tairi, hakina dirisha.

Nikafikiri. Hawa wamenikosea, na wanajua wamenikosea. Mtu akiridhika na cha nyuma, atawekwa nyuma maisha yake yote. Binti alikwenda kula, nami sikutaka kumsumbua. Nikaenda kaunta ya kwanza, karani yule yule. Nikaomba fomu. Nikajaza: nisipopewa kiti cha mbele, dirishani, mimi basi hilo sipandi.

Kaniuliza mara tatu kama nina hakika. Nimetia sahihi mbili. Safari hii lazima watishike.