Kobe Aliyekataa Kabichi

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Nimerudi Chanika, hapa Handeni, na kobe! Nilimwona jana Mashewa, kwenye mfereji wa shamba la dada yangu Tatu. Nikamtia kwenye ndoo. Tatu akasema nimwache, hatujui ni mnyama wa namna gani. Mimi najua. Ana gamba, ana miguu minne, anakwenda taratibu. Kuna nini tena cha kujua?

Mpango ni huu. Elisha, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, amefunga runinga ya mpira na wateja wangu wote wamehamia kwake. Leo saluni yangu imeingia mtu mmoja, naye alitaka kuchaji simu. Lakini Elisha hana kobe! Wangu nimempa jina Mheshimiwa, nikamweka mezani mbele ya kioo, nikampa kabichi. Hajala. Ni haya ya ugeni tu.

Jumanne, 5 Novemba
Balaa. Amekataa kabichi, mchicha na ndizi mbivu. Halafu nimegundua shingo yake ni mbovu! Kobe wote niliowahi kuwaona huingiza kichwa moja kwa moja ndani. Huyu hukikunja ubavuni, kama mtu aliyelala vibaya kwenye basi. Imeteguka, bila shaka. Nikaanza kumchua kwa dawa ya misuli.

Ya Rabi, harufu! Sijui aliitoa wapi. Mwalimu Mathias alikuwa kitini, kanyolewa upande wa kulia tu. Akavuka barabara hivyo hivyo na kitambaa changu shingoni, akamaliziwa kwa Elisha. Kitambaa hakijarudi.

Jumatano, 6 Novemba
Nimetafuta kwenye simu. Picha ya kwanza: kasa wa baharini. Sasa kila kitu kinaeleweka! Nikajaza maji kwenye beseni, nikamimina pakiti nzima ya chumvi ya jikoni, nikaandika ubao: KASA WA BAHARINI, AMETOKA TANGA KWA MIGUU. Mke wangu Yusra akauliza amewezaje kutembea kutoka Tanga mpaka Handeni. Nikamjibu: kidogo kidogo.

Jioni Mheshimiwa alikuwa amefumba macho, anakwaruza beseni kama mtu anayebisha hodi. Yusra akamwaga yale maji, akamwekea ya mvua na jiwe la kupandia. Kisha akanisema. Kwanza kwa ajili ya mnyama, halafu kwa ajili ya chumvi. Mchuzi wa leo haukuwa na ladha. Sikuthubutu kulitaja.

Ijumaa, 8 Novemba
Mzee Lekakeny, mfugaji wa Kang'ata, ametoka mnadani akapita kunyoa. Nikamwamkia, nikampeleka kwenye beseni. Akacheka mpaka akashika ukuta.

“Huyu tunakunywa naye maji kwenye lambo, Mhina!”

Ni kobe wa maji, akanieleza. Hukaa kwenye tope ng'ombe wanapokunywa. Shingo hiyo kazaliwa nayo. Harufu ni silaha yake akishikwashikwa. Majani si chakula chake. Anataka vyura, minyoo na nyama. Na nisimsogezee kidole.

Nikamjulisha kwa heshima zote kwamba huyu wangu ni mpole. Nikasogeza kidole.

Haachii! Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Watu wote waliokuwa kwa Elisha waliacha runinga wakaja mbio. Elisha mwenyewe ndiye aliyeuzamisha mkono wangu kwenye ndoo ya maji, ndipo Mheshimiwa akaachia. Lakini niandike ukweli: ni mara ya kwanza mwaka huu saluni yangu kujaa.

Jumamosi, 9 Novemba
AMEKULA! Kipande cha ini. Nilimshikia kwa kijiti kirefu. Akanyoosha shingo yote, akakidaka, akazama nacho, akakirarua kwa kucha. Nikamwita Yusra kwa kelele, kama vile mtoto wetu kapiga hatua ya kwanza. Tukakaa chini wote wawili tukimtazama. Sikumbuki mara ya mwisho tuliyokaa hivyo.

Kisha Yusra akasema polepole, “Baba, huyu si wa beseni.” Tena wanyama wa porini hawafugwi bila kibali, akaongeza. Nikamwambia nitafikiria.

Sikufikiria. Niliandika ubao mpya: KOBE MLA VINYOZI.

Jumatatu, 11 Novemba
Mvua kubwa. Nilikuwa namnyoa mtu. Kugeuka, beseni tupu! Natazama nje: Mheshimiwa yuko katikati ya barabara, anafuata maji ya mvua, na lori la mahindi linateremka.

Sikuwa na mpango wowote. Niliruka na mashine mkononi, waya ukang'oka ukutani, nikasimama mbele ya lori mikono juu. Lilisimama hatua mbili kutoka kifuani kwangu. Aliyoyasema dereva siyaandiki. Nikamwinua Mheshimiwa, nikaanza kumkagua gamba pale pale barabarani. Elisha akaja na mwavuli, akanishika mkono, akanivusha. Alinivusha kwenda upande wake, na mteja wangu akatufuata.

Mchana huo huo mimi na Yusra tulikwenda Mashewa. Nikamweka Mheshimiwa ukingoni mwa mfereji. Nikamwomba radhi kwa ile chumvi. Akazama. Hakutazama nyuma, na yeye ndiye mwenye shingo ya kutazamia nyuma! Niliinama kufunga viatu kwa muda mrefu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Nimeapa mbele ya mke wangu na dada yangu: sitaokota tena kiumbe nisichokijua.

Alhamisi, 14 Novemba
Nilikwenda Korogwe kutengeneza mashine. Nikapita mtoni kunawa miguu. Naona nini mchangani? Mayai! Meupe, marefu, zaidi ya thelathini, yamefukiwa vizuri kabisa. Ya bata bukini, hilo halina ubishi. Mchota mchanga mmoja aliponiona nayachimbua alipiga yowe, akaonyesha kidole majini, akakimbia na kuacha koleo lake. Watu wa Korogwe waoga mno.

Nimeyabeba yote kwenye kapu. Nimeyapanga kwenye pumba chini ya kitanda, upande anaolala Yusra, ndiko kwenye joto. Nitamwambia yakishaanguliwa.