Bora Mara Tano

Jumatatu, 3 Juni
Hatari! Binti yangu ametangaza mezani kwamba Jumamosi piano inaondoka. Anampa mjomba wake, yaani shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, karani mstaafu anayejua piano, mwenye vidole virefu na maneno marefu zaidi. Eti tangu mjukuu aende chuo hakuna anayeigusa.

Hakuna anayeigusa! Mimi naigusa kila siku. Nafungua ubao wa chini, pale miguuni, natoa kopo langu la biskuti, nakula mbili, narudisha. Haya, tatu. Daktari kanikataza sukari, na binti yangu ni muuguzi mwenye macho kama eksirei. Nyumba hii haina pengine pa kuficha hata pipi. Piano ikiondoka, nimekwisha.

Nikasema haiondoki, mimi napiga. Mke wangu alicheka mpaka akashika meza. Binti akasema haya baba, mjomba akija Jumamosi upige, ukiweza inabaki. Shemeji akapigiwa simu, naye akaleta masharti: uwe wimbo wa daraja la kati, si vile vya chekechea vya kidole kimoja. Nikamjibu hata wa juu ningepiga, ila namhurumia.

Jumanne, 4 Juni
Kazi ya leo: kupima ugumu. Nimeshona suti miaka yote, sihitaji kuvaa koti kujua kama litanisumbua. Natazama mishono tu.

Kitabu cha mjukuu kimo ndani ya kiti cha piano, kile ambacho ukikalia hujui kina tumbo. Wimbo wa kwanza: vidoa vyeusi vimebanana kama siafu juu ya mfupa. Hapana. Wa pili: kurasa nne. Sishoni hema mimi. Wa tatu, “Usingizi wa Tausi”, huyo ndiye wangu! Ukurasa mmoja, noti nyingi nyeupe, zimekaa mbalimbali kama vifungo vya joho. Wino kidogo, kazi kidogo.

Tena kuna ushahidi. Mwanzoni mwa kila mstari pamewekwa b ndogo tano. Nikaelewa papo hapo. Maksi! B ni Bora. Bora mara tano, na zimepigwa chapa, kwa hiyo ni maksi rasmi. Nani atapata B tano kwenye kazi ngumu? Mimi shuleni nilipata B moja tu, nayo ilikuwa jina la darasa: la Nne B.

Nimejipongeza kwa biskuti.

Jumatano, 5 Juni
Mazoezi yameanza. Mungu ambariki mjukuu, kaandika herufi kwa penseli chini ya kila noti, na kwenye vibonyezo vyeupe kabandika vibandiko vya herufi zilezile. Mtoto kamaliza kazi yote! Vyeusi havina kibandiko. Ni mapambo, kama vifungo vya mkononi kwenye koti. Nimeviacha vipumzike.

Wimbo una uchungu kidogo. Kama kikao cha mirathi. Lakini daraja la kati, lazima uwe na makali.

Chini kuna pedeli, nayo nilidhani itanisumbua, kumbe ni ndugu ya cherehani. Nikakanyaga mfululizo, tap-tap-tap, mguu haujasahau. Sauti zote zikaungana zikawa uji. Kopo nalo likawa linacheza ndani, kwacha-kwacha. Binti akauliza nini hicho kinachogonga. Nikamwambia piano nzuri zote huja na ngoma yake.

Alhamisi, 6 Juni
Wivu umeanza. Mke wangu kaniambia kutoka jikoni kwamba huyo tausi halali, anachinjwa. Jirani kagonga ukuta akauliza tunauza mabati bei gani.

Halafu mke wangu, kwa kuwa anaimba kwaya, akaja kunisomesha. Eti zile b zinaitwa flati, kila noti yenye b inashuka, unaipata kwenye kibonyezo cheusi, kwa hiyo nusu ya wimbo wangu iko kwa weusi. Nikamwambia mama watoto, flati ni vile viatu vyako visivyo na kisigino, mambo ya maksi niachie mwenyewe. Akaondoka akitingisha kichwa. Nilimhurumia. Si kila mtu amefika la Nne.

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji kaja na futi kupima kama piano itapita mlangoni. Kaishika futi kichwa chini miguu juu! Nikamwonyesha upande wa namba. Akasema asante shemeji, kesho utanishonea kifuniko cha piano yangu.

Yangu!

Kisha akapiga magoti palepale kwenye ubao wa chini, akanusa. Akauliza mbona piano ina harufu ya vanila. Nikamwambia ni rangi ya mbao. Akanitazama sana. Mimi nikatazama dari. Alipoondoka nilirudisha ubao haraka haraka baada ya kulihakiki kopo. Sijui kama kishikizo kilishika. Kitakuwa kimeshika.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeshinda! Kwa namna yangu.

Mke, binti, shemeji na wapagazi wawili wenye kamba, wote sebuleni. Nikaketi, nikavunja vidole, nikaanza. Weupe watupu, kwa ujasiri. Mstari wa kwanza mpagazi mmoja akavua kofia. Shemeji akafumba macho kama mtu anayetolewa jino. Nikaongeza mguu kwenye pedeli, tap-tap-tap, na kopo, kwacha-kwacha, na mimi ndiyo kwanza nimepamba moto.

Mstari wa tatu, pwaa! Ubao umefunguka. Kopo likatoka, likazunguka sakafuni kwa maringo, likaachama mbele ya miguu ya muuguzi. Biskuti zikalifuata moja moja, kama zinajisalimisha. Na nyuma yake, panya.

Nilipogeuka, shemeji alikuwa juu ya meza ya kahawa. Mtu mzima! Akapiga kelele kwamba hachukui kiota cha panya hata kwa dawa. Wapagazi wakakunja kamba zao. Piano imebaki!

Binti akanitoboa kidole palepale, akasoma kipimo cha sukari, ndipo akasema. Sitayaandika. Hukumu: biskuti kwa jirani, na kwa kuwa najiita mpigaji, mjukuu akirudi likizo nimpigie wimbo mzima, mwalimu wangu awe shemeji. Mke wangu akasema hajawahi kuona mtu akishinda hivyo.

Jumapili, 9 Juni
Shemeji kanieleza habari za b asubuhi nzima. Nikawa naitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu. Anajitahidi, maskini.

Kopo jipya liko salama. Piano sasa inakaguliwa, lakini nani atakagua chini ya makalio yangu? Limo ndani ya kiti, chini ya vitabu. Shemeji anakuja kesho saa nne. Nimemwambia asinisubiri, akifika afungue kiti tu achukue kitabu.

Wimbo mpya pia nimeshauchagua. Hauna b hata moja, niwakomeshe wenye maneno. Kila mstari unaanza na alama nne za reli, #, ambazo mke wangu anadai nazo zinapeleka kwa weusi. Reli! Kitu kilichonyooka kuliko vyote. Jumatano nitakuwa nimefika stesheni.