Nimechoka Kutazama Mgongo wa Mjukuu Wangu

Kwako Mhariri wa gazeti la Jumapili,

Huna haya. Salamu nitakupa mwishoni, nikiona zimebaki, maana mtu anayechukua mtoto wa watu akamtawanya duniani kama mbegu za mchicha hastahili kuulizwa habari za asubuhi.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliiacha darasa la tatu, si kwa ujinga, ni kwa sababu mwalimu alikuwa akikosea hesabu na hapendi kuambiwa. Kwa hiyo usinitafutie makosa ya mwandiko, mimi ndiye niliyekuja kutafuta ya kwako. Yule binti anayeandika ukurasa wenu wa safari, mnayemwita Mguu Njiani, ni mjukuu wangu. Hapa nyumbani anaitwa Konokono. Alikuwa akitumwa chumvi duka la jirani, chakula kinaiva, kinapoa, kinaliwa hivyo hivyo, ndipo anatokea na chumvi. Leo mnaniambia amepanda mlima. Haya. Malalamiko yangu nimeyapa namba ili usijifanye hukuyaona.

1. Mlima. Aliandika kuwa alipanda mlima wenye theluji, akalala kwenye hema, vidole vikafa ganzi, akafika kileleni, akalia kwa furaha, kisha akashuka. Mhariri, kashuka! Basi alipandia nini? Kama kungekuwa na mbuzi aliyepotea ningeelewa. Yeye anasema alikwenda "kujitafuta". Kujitafuta! Nimemlea tangu mama yake alipofariki, na sikuwahi kumpoteza hata siku ya gulio. Angeniuliza. Ningemwambia yuko wapi: yuko jikoni, anakwangua ukoko.

2. Mji. Alipokwisha kujipata kule juu, akaenda kwenye mji wa maghorofa akaandika eti hakuna raha kama kupotea katika mji usiokujua. Yaani kile alichokipata kwa taabu kwenye theluji, kaenda kukitupa mjini. Hiyo ni kazi ya kuteka maji kwa pakacha, na wewe mtu mzima unaichapa kwa wino wa rangi. Anasema treni za huko hupita chini ya ardhi na abiria hawasalimiani. Watasalimiana vipi, na wamekwisha kuzikwa? Tena akawasifu kwamba kila mtu ana nafasi yake. Hapa nyumbani alikuwa na nafasi yake: yeye upande wa ukutani, mimi upande wa mlangoni, na shuka lote likawa lake.

3. Bibi wa jangwani. Hapa kaa chini kwanza. Aliandika habari za kijiji fulani katikati ya mchanga, mbali na kila kitu, ambako alipokewa na bibi kizee mmoja. Maneno yake nimeyashika kwa moyo: "Mikunjo ya mikono yake ilikuwa na hadithi, na chai yake ya rangi ilikuwa tamu kuliko chai zote nilizowahi kunywa." Chai ya rangi, Mhariri! Yangu ya maziwa alikuwa akiimwaga dirishani nikigeuka, na ua lililokuwa chini ya dirisha likanawiri kuliko yeye. Na mikono yangu je, imekuwa bubu? Sindano imeipitia tangu wewe hujajua kupenga kamasi. Mikunjo ninayo, nikiikunjua yote nitapata pazia na foronya zake. Yule bibi simjui na sina ugomvi naye. Ila awangoje wajukuu wake, wangu aniachie.

4. Mgongo. Mlimani, mgongo. Mjini juu ya daraja, mgongo. Jangwani, mgongo na kilemba. Mpiga picha wenu ana ugonjwa gani? Mgongo huo naujua, nimeusugua kwa dodoki, nimeupaka dawa ya kikohozi, nimeubeba ukiwa na homa. Na kwa kuwa mimi ni fundi, nguo hainidanganyi: lile shati nililomshonea limelegea, mshono wa bega umeteremka hadi kwenye mkono. Amekonda. Ukurasa mzima wa maneno kuhusu machweo, na habari ya maana nimeipata kwenye mshono.

5. Hili nimelisahau. Likirudi nitaliandika.

6. Kinyozi. Duka lake linatazamana na mlango wangu. Kila Jumapili anasoma ukurasa wenu kwa sauti, mashine mkono mmoja, gazeti mkono mwingine, na wateja wanatoka pale na vichwa vyenye ramani ya dunia. Juzi akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Bibi wee! Konokono wetu kafika kwenye theluji, wewe hata kituo cha basi kimekushinda!" Nikamwambia mimi nilifika mahali pamoja nikatulia, yeye hata hicho kichwa kilicho mbele yake hajakimaliza. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini ni haki kweli, Mhariri? Mimi niliyemlea, habari zake nizipate kwa mtu mwenye nywele za watu mabegani?

Sasa ombi langu. Mwezi uliopita mlieleza mahali pa mbali panavyotambulika. Mlisema simu haishiki, njia ni ngumu, mwenyeji ni mkarimu, na kuna jambo la ajabu usiloliona kwingine. Nimekaa nikapima, kama ninavyopima kiuno. Simu kwangu inashika ukisimama juu ya kiti cha dirishani na kunyoosha mkono kama unaapa. Njia: watu wa mabomba walichimba mtaro mbele ya nyumba wakaenda zao, wageni huvuka kwa ubao, na wanene huvuka kwa dua. Mwenyeji ni mimi, na ukarimu nitauanza siku hiyo. Jambo la ajabu ni mlango wangu, haufunguki mpaka uutukane. Maseremala wameujaribu kwa nyundo na kwa upole, wote wamepitia dirishani.

Na kuna hoja nyingine, hiyo kaitafakari na wakubwa wako. Mahali pa mbali ni pale ambapo mtu hafiki. Mjukuu wangu amefika mlimani, amefika mjini, amefika jangwani, kwa hiyo huko kote ni karibu. Hapa hafiki. Basi nyumba yangu ndiyo mahali pa mbali kuliko pote duniani, na gazeti lenu linalojidai kufika kila pembe halijafika. Aibu yenu. Naomba mpatangaze rasmi na mmtume upesi, na viatu vyake vya mlima, kwa ajili ya mtaro. Akitaka kuandika aandike. Mikono nitaipaka mafuta ili mikunjo isomeke vizuri. Hata chai ya rangi nitampikia, ingawa ni fedheha.

Lile la tano limerudi. Kusema kweli halikwenda popote. Macho yangu yameingia utando. Uzi hauingii tena kwenye tundu la sindano, namsimamisha kila apitaye anitilie, na sasa wakiniona mlangoni wanapita upande wa pili wa barabara. Kazi hiyo ilikuwa ya Konokono. Daktari wa macho anasema atautoa huo utando mwezi ujao: huenda nikaona vizuri, huenda la. Mimi kabla ya hiyo "huenda la" nataka kuuona uso wa mjukuu wangu. Mgongo umenitosha.

Salamu zimebaki chache, gawaneni. Msalimie mkeo kama bado anakuvumilia, na yule anayepanga picha, na dereva anayetupa magazeti dimbwini badala ya barazani. Msalimie na mama yako, kama bado unakumbuka njia ya kwake.

Ni mimi, mwenye mlango wa kutukanwa,
Bibi yake Konokono.

Nyongeza: Kabla sijapata bahasha, amefika. Kumbe kinyozi, mdomo wake hauna komeo, alimpigia simu kumweleza habari za macho yangu, tena akiwa amesimama juu ya kiti changu mwenyewe. Basi yote niliyoandika hapo juu yafute.

Kavuka mtaro kama mbuzi, mkoba mgongoni, na tangu hapo sina amani. Sufuria yangu ameisugua masizi yote, sasa inang'aa kama ya bibi harusi na naona aibu kuiteleka. Mlango ameutengeneza. Unafunguka kwa kidole kimoja, na mtaa mzima unaingia bila hata tusi, kinyozi mbele na benchi lake, kusikiliza habari za theluji, na mimi mwenye nyumba nakosa pa kukaa. Nikikohoa ananiuliza najisikiaje. Nikinyamaza ananiuliza kwa nini nimenyamaza. Chai ya rangi aliinywa kidogo, akanitazama, akaomba ya maziwa. Jana amekaa kitako akatia uzi sindano zangu zote, kila rangi niliyonayo, akazichomeka kwenye kimto hadi kikawa nungunungu. Nani kamtuma? Nyumba yangu si mahali pa mbali tena, imekuwa stesheni.

Uso nimeuona. Pua imebabuka kwa jua, mashavu yameingia ndani, lakini ni ule ule.

Kwa hiyo mtafutie mlima, mrefu, wenye theluji ya kutosha. Ila usimpe kabla ya siku ya daktari. Siku hiyo atanishika mkono yeye, ndivyo alivyosema, na akinichelewesha kama alivyokuwa akichelewesha chumvi, utanijibu wewe. Shati lake nimelipunguza mabegani. Akishaondoka, mwambie huyo mpiga picha wenu azunguke asimame mbele yake.