Kompyuta Inayokunywa Maji

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Nshambya.

Leo ni leo! Kompyuta yangu imeanza kunywa maji. Hakuna studio ya video Bukoba nzima yenye kitu hicho, na nikisema Bukoba nzima namfikiria mtu mmoja tu: Anwari wa ng'ambo ya barabara, mwenye feni tatu zinazovuma mpaka wateja wake wanaongea kwa kupiga kelele.

Mtambo umefika asubuhi kwa basi kutoka Dar. Pampu, rejeta ndogo, mipira miwili minene ya kupitisha maji, na bonge la chuma la kukaa juu ya kadi ya picha, ile inayopeleka picha kwenye skrini. Kadi yangu ilikuwa inachemka kila nikihariri harusi. Nimeng'oa feni yake, nimefunga chuma, nimejaza maji ya betri. Joto limeshuka kutoka nyuzi themanini na tatu hadi hamsini na moja! Nimetoka nje nikashangilia peke yangu.

Feni ya zamani nimeipigilia msumari katikati, juu ya mlango wa studio. Kumbukumbu. Sirudi nyuma mimi.

Kimebaki kipande kimoja cha chuma kilichopinda kama kiwiko, na skrubu mbili. Vya ziada. Watu wa viwandani wana tabia ya kuzidisha. Nimempa mke wangu Mwamvita, ameshikizia dirisha la jikoni. Aliuliza kama nimesoma karatasi ya maelekezo. Nikamwambia maelekezo ni ya wasiojua kazi.

Kazi ya wiki hii ni moja: harusi ya Edvina, ya Izigo, kule Muleba. Mama yake, Ma Celina, anaitaka video Jumamosi. Bibi yake Edvina, Ma Kokwijuka, siku ya harusi alikuwa amelazwa, hakuona hata shela. Jumapili hii anapelekwa Mwanza kutibiwa, na amesema haondoki kabla hajamwona mjukuu wake akiolewa. Ma Celina alilia kwenye simu. Nimemwapia kwamba ataipata. Kwa mashine hii nitamaliza Jumatano, nipumzike.

Jumanne, 5 Agosti.

Bibi harusi amegeuka kijani.

Si gauni. Uso! Halafu ikaja mistari ya zambarau, bwana harusi akakatika kiunoni, miguu yake ikahamia kwa padri. Kisha skrini nyeusi, kompyuta ikajizima. Nimewasha tena. Yaleyale. Nimejiambia, Haruni, tulia. Ni waya. Waya wa skrini umezeeka.

Nimenunua mpya, nimeuchomeka kwa nguvu zote, nimewasha. Picha safi! Alhamdulillahi! Nimekunywa vikombe viwili vya chai kwa furaha. Nilikuwa nimeanza kuogopa, nakiri hapa kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Saa kumi jioni: kijani tena. Safari hii na padri naye.

Jumatano, 6 Agosti.

Si waya. Ni draiva, ile programu inayoiongoza kadi. Nimeifuta, nimepakua mpya kwa bando la simu ya Mwamvita (hakuwepo, nitamwambia). Nimewasha. Safi! Alhamdulillahi mara ya pili. Nimeimba. Dakika ishirini baadaye Edvina alikuwa na meno ya bluu.

Mwamvita amerudi, bando hakuna. Tuyaache hayo. Akaniambia, Baba Shadya, si uchukue diski yenye harusi uende kwa Anwari umalizie kwenye mashine yake, ni jirani, hatakataa. Nikamwambia afadhali niitafune hiyo diski.

Nilikwenda kwa Anwari, ila kwa upelelezi tu. Nikajifanya natafuta kadi ya kumbukumbu ya kamera. Lengo langu lilikuwa kuona kama ana chombo cha kuvuruga picha za wenzake. Hana. Ana feni tatu na paka. Akaniuliza maji yanaendeleaje. Nikasema yanatiririka vizuri mno. Akasema kwa upole kabisa kwamba nikikwama nipite. Mtu akiwa mpole namna hiyo lazima kuna jambo.

Alhamisi, 7 Agosti.

Nimeilaza kompyuta ubavu nitafute kama maji yanavuja. Hayavuji hata tone. Nikaiwasha ikiwa imelala vilevile. Picha safi! Robo saa, nusu saa, safi! Nimemwita Mwamvita aje ashuhudie. Alhamdulillahi ya tatu, na hii niliitoa kwa sauti.

Tatizo nimeligundua: kompyuta ilichoka kusimama. Miaka minne wima, nani asingechoka?

Kisha pampu ikaanza kukoroma. Ikilala hivyo inavuta hewa, haivuti maji. Joto: themanini, tisini, tisini na sita. Nimeisimamisha mbio. Mistari ya zambarau. Nimeilaza. Kukoroma. Nimeisimamisha. Mwamvita alikuwa mlangoni na kikombe chake, anakunywa chai kama yuko sinema.

Ma Celina kapiga simu kuuliza. Nimemwambia video iko hatua ya mwisho kabisa. Akafurahi sana. Akasema basi kesho anakuja kuichukua kwa mkono wake mwenyewe.

Mdomo wangu huu!

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.

Maduka yote ya vipuri yamefungwa, wenyewe wamekwenda kusherehekea wakulima. Feni ya zamani nimeitazama pale juu ya mlango. Msumari umepita katikati ya injini yake. Niliupiga vizuri, hiyo sifa naichukua.

Saa nne Ma Celina kaingia na mkungu mzima wa ndizi na pakiti ya kahawa ya kutafuna. Zawadi zangu! Nilikuwa na mpango: nimezima skrini, nikamwambia video imeiva ila inapoa. Akasema sawa waitu, kwa heshima yao ya Kihaya, atasubiri. Akakaa. Akafungua kahawa, akanipa mbili, akatafuna mbili. Tukatafuna. Saa nzima. Akauliza video hupoa kwa muda gani.

Nimeshindwa. Nimemwambia ukweli wote, mistari, kijani, meno ya bluu. Nilitegemea anitukane. Hakunitukana. Alisema tu kwamba mama yake leo asubuhi ameomba anyolewe nywele na kuvikwa kitenge kipya, ajiandae kutazama harusi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikasema, nikijisikia kwa masikio yangu, kwamba nachukua diski naenda kwa Anwari.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita. Alikuwa ameinama anachungulia ndani ya kompyuta kupitia ubavu wake wa kioo. Akauliza hicho kinachoning'inia ni nini. Nikamwambia hakining'inii, hiyo ndiyo kadi ya picha, imefungwa kitaalamu. Akasema kimeinama. Nikatazama. Bonge la chuma na mipira yake miwili limeivuta kadi chini, upande mmoja umeanza kutoka kwenye nafasi yake.

Akaniuliza, Haruni, wewe umekulia Kagera hii hii, umeona wapi mgomba ukabebeshwa mkungu mzito bila kuwekewa mti wa kuutegemeza? Nikasema mimi ni mtoto wa mjini. Akasema ndiyo, anaona.

Akatoka. Nikasikia Mwamvita anacheka naye uani. Akarudi na kijiti chenye panda, kimekatwa kwenye uzio wetu. Akapima kwa vidole, akakipunguza kwa kisu cha jikoni. Nikazima umeme, nikaisukuma kadi mpaka ikalia ta!, yeye akasimika kijiti chini yake, panda juu, kama anavyofanya shambani kwake kila wiki. Nikawasha.

Edvina mweupe wa shela, mweusi wa ngozi, meno yake mwenyewe. Dakika kumi. Saa moja. Saa mbili! Joto hamsini na moja. Nilikaa chini sakafuni. Ma Celina akanipa kahawa nyingine. Saa kumi na moja jioni video imekamilika, nikamkabidhi nakala mkononi. Akasema kesho nami nije, nile.

Yaani ni uzito tu! Siku nne! Sijawahi kushusha pumzi ndefu namna hii.

Jumamosi, 9 Agosti. Izigo.

Sebule ilijaa mpaka madirishani. Ma Kokwijuka alikaa mbele kabisa, kitenge kipya, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Video ikaanza. Nilikuwa nahesabu rangi moyoni. Hakuna kijani ila migomba.

Halafu nikakumbuka! Katikati ya sherehe niliweka kamera juu ya meza nikaenda kula, nikaisahau inarekodi. Dakika mbili nzima za kiti kitupu cha mbele, kimetandikwa kanga, hakuna mtu. Nilipanga kukikata. Kwa haraka ya jana sikukikata.

Kiti kikaja. Nikatafuta mlango ulipo.

Ma Kokwijuka akanyoosha kidole. Akasema ile kanga ni yangu. Ma Celina akamwambia ndiyo mama, kile ndicho kiti chako, Edvina alikataa mtu yeyote akikalie. Bibi akaomba kirudishwe. Tukakirudisha mara tatu. Alilia huku anacheka, akasema basi nilikuwepo, sasa nipelekeni Mwanza. Edvina akamkumbatia, na wanawake wakapiga vigelegele kama vile harusi ndiyo kwanza inaanza.

Ma Celina akanishika mkono, akasema mwenye studio mwingine asingefikiria kukipiga picha kiti. Nikamwambia huo ndio utaalamu wenyewe. Nililia kidogo pia. Moshi wa jikoni.

Jumapili, 10 Agosti. Nshambya.

Ma Celina kapiga: wameshapanda gari kwenda Mwanza, bibi anaimba njia nzima. Nimefurahi kwelikweli. Moyo mweupe.

Asubuhi Anwari alikuja kunipongeza, habari za kiti zimeshafika mjini. Akakiona kijiti ndani ya kompyuta, akauliza. Nikamwambia ni teknolojia mpya. Akaangalia muda mrefu, akasema hongera. Wivu ule!

Mwamvita naye kaipata karatasi ya maelekezo chini ya kitanda. Kanionyesha mchoro: kile chuma kilichopinda kama kiwiko, kimesimama chini ya kadi, kimeishikilia. Akauliza kama nakitaka kutoka dirishani. Nikamwambia aliyechora hajafika Izigo, na dirisha lisiguswe.

Sasa nimekaa nikafikiri. Kadi imepozwa kwa maji, imetulia. Lakini kile kisanduku cha umeme kilicho chini ya kompyuta, nimekigusa leo: cha moto! Kina kifeni kimoja kidogo cha kusikitisha. Mipira imebaki. Maji ya betri yamebaki nusu dumu. Harusi nyingine ni Alhamisi.

Nimemwambia Mwamvita kuhusu umeme na maji. Ameinuka, amekwenda kuificha bisibisi.

Hajui kwamba ninazo mbili.