Hodi Hairuhusiwi Simuni

"Kuanzia leo, simu ya mwananchi ni nyumba yake! Hapigiwi hodi na mfanyabiashara asiyemwalika!" alitangaza Mkurugenzi wa Kudhibiti Ujumbe Usioombwa. Wanahabari walipiga makofi ya adabu, maana chai ilikuwa haijaletwa.

Sheria ilikuwa nzuri, lakini roho ya Mkurugenzi ilikuwa kwingine. Waziri alishamnong'oneza kwamba cheo cha Katibu Mkuu kiko wazi, na atakayekipata atajulishwa leo. Asubuhi mkewe alimwita "Mheshimiwa" kwa majaribio, naye akaitika bila kusita.

Simu yake ikalia; ujumbe umeingia. Namba ngeni.

"Hongera! Umechaguliwa. Jibu NDIYO kabla ya saa sita, la sivyo nafasi atapewa mwingine."

Mkurugenzi akausoma kwa sauti, akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Ndugu wanahabari, mnaona wenyewe? Huyu kajileta!"

Katibu muhtasi wake akamvuta mkono wa koti. "Bosi, tuulizie kwanza namba ni ya nani."

"Niulizie nini, dada? Matapeli wote baba yao mmoja."

Akaujibu ule ujumbe, "Kamdanganye mama yako," kisha akaamuru laini ikatwe kwa mujibu wa kifungu cha saba, kinachotambua hasira ya Mkurugenzi kuwa ushahidi wa kutosha. Makofi ya safari hii yalitoka moyoni. Chai ilikuwa imefika.

Saa saba akaingia dereva wa Waziri na bahasha, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, mzee. Waziri kanunua laini mpya juzi, leo imekatwa. Ndiyo maana kanituma mimi. Anasema mama yake hajambo, na hadanganyiki."

Mkurugenzi akaikazia macho bahasha.

"Humo ndani kuna nini?"

"Kwa sheria yako, mzee, lazima nikuulize kwanza. Unaridhia kupokea ujumbe?"

Hapo Mkurugenzi akaipenda sheria yake kuliko siku zote. "Siridhii!"

"Sawa, mzee. Bahasha nitarudi nayo." Dereva akakohoa kwa heshima. "Ila na kiti nimeambiwa nirudi nacho."

Mkurugenzi akasimama taratibu. Kiti kilipokuwa kinatolewa mlangoni, simu yake ikalia tena. Namba ngeni.

"Umepoteza kazi? Usife moyo! Tupigie sasa."

Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaihifadhi ile namba.